Vichwa vya Samoni Kwenye Friza Yangu

Mzungu wa huku Walthamstow, London, akinunua samaki mzima, cha kwanza anataka umtoe kichwa. Anakitazama kile kichwa kama kimemtukana. Mama wa Mombasa akiingia dukani hapo hapo, cha kwanza anaulizia kichwa, na ukimwambia kimeisha anakutazama wewe vile vile. Mimi nasimama katikati na kisu, nachukua huku napeleka kule, kila mtu anaondoka na furaha yake. Wengine wamesoma miaka mingi kuleta amani duniani. Mimi naileta kwa kukata shingo za samaki.

Shule niliiacha kidato cha pili. Tuseme tuliachana kwa makubaliano, na mwalimu wa hesabu alikubali haraka kuliko mimi. Lakini kupara magamba, kutoa matumbo, kukata vipande vya kukaanga na vya mchuzi, hapo niite. Bosi wangu mwenyewe, ambaye sifa huzitoa kwa kijiko cha chai, aliwahi kuniambia, "Wewe kichwa hapana, lakini mkono iko." Nikamshukuru. Wengine hawana hata mkono.

Bosi ni Muhindi wa Kisumu. Anakaa Rayners Lane na kila alfajiri anavuka London nzima na gari linalonuka kamba mpaka kwenye mikanda ya viti. Tunauza nguru, changu, sato, kila kitu, lakini fahari yake ni samoni wa wavu. Sisemi yule wa kufugwa anayeuzwa kila duka, mwekundu kama amepigwa rangi. Nasema yule aliyekwenda baharini kwa miguu yake, kama samaki angekuwa na miguu, akakaa huko mwaka au zaidi, kisha akarudi kuzaa kwenye mto aliozaliwa, na wavuvi wa Ireland wakamngoja mlangoni. Anakuja wiki chache tu za kiangazi. Siku sanduku la kwanza linapofika, bosi huvaa aproni mpya.

Sasa, mwaka mmoja, mwezi wa sita, akaingia dada mmoja kavaa mabuti ya mpira, begi kubwa mgongoni. Nikajua papo hapo si mteja. Mteja humtazama samaki machoni, au kwenye matamvua. Huyu aliwainamia samoni mmoja mmoja akawakagua karibu na mkia. Nikamuuliza kama kuna kitu kimempotea. Akacheka, akasema ndiyo, samaki.

Alikuwa mtafiti. Kazi yake ilikuwa kujua mto fulani wa Ireland una samoni wangapi, na wavuvi wanachukua sehemu gani. Akanionyesha kitu ambacho mimi, mkata samaki hodari, sikuwahi kukitilia maanani: samoni ana kapezi kadogo kanene mgongoni, jirani na mkia, kama ncha ya kidole cha mtoto. Yeye na wenzake wanawakamata samoni wangali wadogo mtoni, wanakata kale kapezi, wanawatia kiwaya puani, chembamba kama unywele na kifupi kuliko punje ya mchele. Kiwaya kina namba. Kisha wanawaachia waende zao baharini. Ukimwona samoni mkubwa hana kapezi, jua ana kiwaya puani.

"Anasema nini huyu?" bosi akaniuliza kwa Kiswahili. Kiingereza anakijua kuliko mimi na yule dada tukijumlishwa, ila akiwa hataki kuelewa jambo huhamia Kiswahili.

"Anahesabu samaki, bosi."

"Samaki iko ndani ya maji. Atahesabu namna gani?"

Hapo ndipo nilipojishangaa. Yule dada alikuwa ametueleza kwa mifano ya Kizungu, lakini mimi nilikuwa nimeshaona harusi ya Mombasa. Nikamwambia, "Bosi, chukulia harusi. Watu hawahesabiki, kila mtu kaja na jirani yake. Wewe unawashika baadhi yao mlangoni unawatia hina kidoleni, idadi yao unaijua, unawaachia wajichanganye. Baadaye unasimama penye sinia la pilau, unaangalia vidole. Ukiona mwenye hina mmoja katika watu wengi sana, basi umati ni mkubwa, ongeza mchele. Ukiona kila wa pili ana hina, umati mdogo, pilau itabaki. Hina ndio kapezi. Sinia ndio duka letu."

Bosi akamtazama yule dada. "Ndivyo hivyo?"

Yule dada akauliza nimesema nini. Nikamtafsiria. Akasema ndivyo hivyo hasa. Natamani mwalimu wangu wa hesabu angekuwa amesimama pale kwenye foleni ya kamba.

Lakini pezi peke yake halikutosha. Mito ya jirani nayo ilikuwa na watu wao wanaokata mapezi, kwa hiyo lazima upate kiwaya chenyewe usome namba, ujue huyu katiwa hina kwa harusi ipi. Na kiwaya kiko puani. Kwa hiyo alitaka vichwa. Bandarini kule hakuwahi kuwakagua wote, masanduku yanaondoka haraka, na mengi yanakuja London. Wakubwa wanaotoa leseni za nyavu walikuwa wanangoja majibu yake. Akionyesha kwamba samaki wanatosha, nyavu zinaendelea. Akishindwa kuonyesha, iwe samaki hawapo au vichwa havikupatikana, watafunga tu, kwa usalama. Wakifunga, bosi hatavaa aproni mpya tena.

Bosi hakuhitaji mfano wa harusi kuelewa hilo. Alipangusa meza ambayo ilikuwa safi. Kisha akasema kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba vichwa vyote visivyo na kapezi ni vya huyu dada. Ila friza ya duka hapana. Imejaa.

"Niachie mimi," nikasema. "Nina friza nyumbani."

Basi kiangazi kile nilikuwa mtu na kazi zangu mbili. Samoni wakifika nawapapasa mgongoni kabla ya kuwapanga kwenye barafu. Asiye na kapezi nampasua mwenyewe, mwili unauzwa, kichwa naweka kwenye mfuko wa buluu ambao yule dada alituachia rundo zima, natia ndani na kikaratasi cha siku, naondoka nacho jioni. Nilikuwa nikipita sokoni na kichwa mkononi nimenyooka kama balozi.

Mke wangu anatunza wazee, shifti za kutwa. Jioni moja alifungua friza akitafuta mbaazi.

"Mume wangu," akasema, "wenzako wanaleta maua."

"Maua hayana kiwaya puani."

"Wala hayanitazami."

Binti yetu naye alikwenda kutafuta aiskrimu, akarudi mbio akilalamika kwa Kiingereza chake cha Walthamstow kwamba kuna macho nyuma ya aiskrimu. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hayo ni macho ya sayansi. Aliuliza kama sayansi inaweza kukaa droo ya chini.

Mwezi wa saba akaja mamangu mkwe kutoka Mombasa kutusalimia. Mama huyu akiingia jikoni mwako, jikoni ni lake mpaka siku atakayopanda ndege. Siku ya kwanza alitoa vitu vyote kabatini akavirudisha anavyotaka yeye. Siku ya pili akanishika mkono, akaniuliza kwa huruma, "Mwanangu, mji mkubwa wote huu, nyinyi mnakula vijiti vya samaki? Samaki gani mraba?"

Nikamwambia ni vya watoto. Hakuniamini, na alikuwa sahihi.

Jumapili moja akawaalika chakula cha mchana kina mama wa Woolwich, wenzake wa zamani wa Mombasa waliotangulia kuhamia huku. Mimi nilikuwa dukani nusu siku. Niliporudi, harufu ilinipokea ngazini kabla ya mlango: ukwaju, tui zito, pilipili mbichi, dania. Nilipanda zile ngazi kama nimeitwa kwa jina.

Sebuleni kina mama walikuwa wamekaa kwenye mkeka, vicheko mpaka nje. Mimi sikuingia. Kwetu, mkwe haendi kujikalisha penye shughuli ya mama mkwe na wenzake. Anasalimia kutoka mlangoni macho chini, anakwenda zake. Basi nikasalimia macho chini, nikaenda jikoni, na pale juu ya jiko sahani yangu ilikuwa imefunikwa. Wali wa nazi na mchuzi wa kichwa.

Sitasema uongo. Nimekula vichwa Mombasa, nimekula Lamu, lakini kile kilikuwa kichwa. Nilianza na shavu, nikaenda kwenye jicho, nikanyonya utosi, nikawa nimeshafika puani, pale kwenye ule mfupa laini unaolia kwenye meno, nikainua macho kwa raha yangu, nikaona juu ya sinki mifuko ya buluu. Imeoshwa vizuri, imeanikwa kwa vibanio vya nguo, inangoja kutumika tena.

Nikaacha kutafuna.

Mama mkwe akaingia kuchukua maji. "Mama," nikasema, na pua ya samoni bado iko shavuni, "vichwa hivi umevitoa wapi?"

"Si humo kwenye friza!" Uso wake ulikuwa unang'aa. "Nikasema mwanangu huyu ana akili kimya kimya. Kanikusanyia vichwa kimoja kimoja, kavifunga, kaviandikia tarehe, na hakujisifu. Nimewaambia wenzangu wote. Nimekuombea dua mbele yao."

Sasa mtu afanye nini? Kuna mambo nimeyakabili maishani nikiwa jasiri. Hili nililikabili nikiwa nimekaa. Nikaitoa ile pua mdomoni polepole, nikaiweka kwenye sosa kama yai. Mama akanitazama.

"Imeungua?"

"Haijaungua, mama. Ni tamu mno. Nataka kuihifadhi."

Nikatoka ngazini nikampigia simu yule dada. Nilimweleza kila kitu bila kuremba. Kisha akaniuliza swali ambalo nililipenda: "Vimeokwa au vimechemka?" Nikamwambia vimechemka, kwa ukwaju. Akasema kiwaya ni chuma, hakiivi. Nisitupe mfupa hata mmoja, bado yuko London, anakuja na treni na kifaa chake.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu. Ukimwalika mtu kwako, sahani yake huitazami. Hutazami alichochukua, sembuse alichobakisha. Kuomba mifupa ya mgeni ni kama kumwambia umekula sana, nataka ushahidi. Na anayeomba ni mkwe, na wanaoombwa ni wageni wa mama mkwe, waliotoka Woolwich mpaka Walthamstow wakibadilisha treni kwenye jua. Kwa upande mwingine kulikuwa na bosi wangu na mto mzima. Nikabisha hodi kwenye sebule yangu mwenyewe.

"Kina mama, samahanini sana. Naomba mifupa."

Mama mmoja akarudisha tonge kwenye sahani.

"Mifupa gani, baba?" akauliza mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye pete kila kidole.

"Yote. Mliyomaliza na ile mnayoendelea nayo."

"Mkwe wako anafuga paka?" akamgeukia mama mkwe. Wakacheka.

"Mie nimekula nyumba nyingi humu London," akasema mwenzake, "sijapata kudaiwa mifupa."

"Ngoja kidogo atatudai na wali."

Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa leso, mpaka macho. Hapo mke wangu akainuka, Mungu amweke, akawaeleza: samaki hawa wamewekwa alama puani, kuna mtu anahesabu, viwaya vikipotea mto utafungwa na watu watakosa kazi.

"Waya!" akapiga kelele mama wa pete. "Tumelishwa waya!"

"Mdogo sana, shangazi," nikasema. "Punje ya mchele ni kubwa kuliko huo."

"Na pua alizila nani?"

Wote wakageuka kumtazama bibi mmoja aliyekaa kwenye kochi, mkubwa wao kwa umri. Kwa heshima yake pua nyingi zilikuwa zimekwenda kwake, maana pua ndiyo sehemu ya mgeni anayetukuzwa. Yeye alikuwa anaendelea kula bila wasiwasi.

"Msinitazame mimi," akasema. "Meno yenyewe ndiyo haya yaliyobaki, mnadhani naweza kutafuna pua? Nanyonya, naweka kando." Na kweli, pembeni ya sahani yake zilikuwa zimepangwa pua, nadhifu, zimeelekea upande mmoja kama samoni wenyewe wanapanda mto.

Ningembusu mkono mara mbili kama nisingekuwa na mchuzi.

Yule dada alipofika alivua mabuti mlangoni bila kuambiwa, akakaa mkekani. Mama mkwe, ambaye kwake mgeni ni mgeni hata kama kaja kukagua, akamwekea sahani kabla hajafungua begi. Dada akanitazama, mimi nikamwambia hakuna namna. Basi akala. Ndiye mtafiti pekee ninayemjua aliyekula ushahidi wake, na akaomba pilipili.

Kisha akatoa kifaa, kifimbo cheusi kama cha walinzi wa uwanja wa ndege. Akakipitisha kwa mama wa kwanza. Kikalia! Vigelegele. Akakipitisha kwa wa pili, kikalia. Kwa wa tatu, kikalia. Nikaanza kuona dunia ni nzuri. Dada akakunja uso, akasogeza kifimbo juu kidogo, akaonyesha: zilikuwa pini za mitandio.

Ikabidi pini zote zitolewe, vijiko vyote vipelekwe jikoni, na mama wa pete aambiwe avue pete zake, jambo lililochukua muda na sabuni. Tukaanza upya. Sahani ya bibi ikalia, na safari hii hakukuwa na pini. Dada akakipitisha kwenye pua moja moja. Inalia, inalia, moja ikakataa, inalia. Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi aliyojua tangu mwanzo atashinda.

Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka aibu. Yakawa mashindano. Kila mama akisukuma sahani yake mbele, "Pitisha hapa, mwanangu, mimi nimekula vichwa viwili." Sahani ikilia, kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Isipolia, mwenyewe ananuna. Mama wa pete hakupata hata mlio mmoja. Alikuwa ametafuna kila kitu, na meno yake ni kamili. Akainuka, akajishika kiuno, akamwambia dada kwa Kiingereza apitishe tumboni. Dada akapitisha, kwa adabu sana. Kimya. Mama akakaa chini amevunjika moyo, akasema huenda amekula samaki wa mto usio na wasomi.

Ile ya kwenye sosa yangu ililia. Nalitaja hilo kwa kuwa sikuulizwa.

Jikoni, wakati dada anafunga mifupa, mama mkwe akanijia. Leso ilikuwa imeshuka, lakini sauti ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo havikuwa vyangu."

Sikufikiri sana, na nisipofikiri sana ndipo ninapokuwa na akili.

"Mama, nyama ilikuwa yako. Waya tu ndio wa watu. Na kama ungevikaanga vikavunjika vunjika, tungepoteza vyote. Wewe ukavichemsha."

Alinitazama muda, akipima kama namtania. Kisha akasema, "Kichwa hakikaangwi. Nani anakaanga kichwa?" na akarudi kwa wenzake akiwa mrefu kidogo.

Yule dada alikuja dukani tena baridi imeshaingia. Bosi alimwona kupitia kioo, akamwacha mteja katikati ya sentensi. Dada akaeleza. Viwaya vingi vya jikoni kwangu vilikuwa vya mto ule, vichache vya mto wa jirani. Vile ambavyo havikupatikana ameviandika kuwa vimepotea, si kwamba havikuwepo, na kwa ajili hiyo hesabu yake ina juu na ina chini, haikai mahali pamoja.

"Juu na chini ni nini?" bosi akauliza, kwa Kiswahili. "Muulize, samaki inatosha ama haitoshi?"

Nikamuuliza. Dada akasema hata kwa ile ya chini, mto unaweza kuvuliwa. Si kama wavuvi walivyodai, maana wao walidai samaki wamejaa mpaka wanagongana. Wala si kama wakubwa walivyoogopa. Nyavu zitaruhusiwa, ila wiki zitapunguzwa, na mwakani watahesabu tena.

Bosi akauliza zitapunguzwa kiasi gani. Dada akamwambia. Nilimwona akihesabu kimoyomoyo masanduku yasiyokuja, na uso ukashuka, kisha akahesabu yatakayokuja, na uso ukapanda, ukasimama mahali fulani katikati. Akamfungia dada kipande cha nguru, akakataa katakata kusikia habari ya malipo, akamfungulia mlango mwenyewe.

Yule mteja aliyeachwa katikati ya sentensi alikuwa bado amesimama, bwana mzee wa Kizungu na kikapu chake. Alikuwa ameuliza kama mwakani tutakuwa na samoni wa wavu, maana amesikia watu wakisema wamekwisha.

Bosi akarudi nyuma ya meza, akanyoosha aproni.

"Mwezi wa saba," akamwambia. "Njoo mapema, wiki ni chache."

Yule mzee akasema atakuja, ila atataka asiye na kichwa. Bosi akanigeukia mimi, nami nikamwambia mzee asiwe na wasiwasi kabisa, vichwa vina wenyewe.